Radhi Aliyoniombea Katekista

Siku tuliyomzika Katekista, kila aliyesimama kusema neno alisema kitu kimoja: mtu huyu hakuwahi kugombana na yeyote. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na lori langu lililoleta viti na turubai, nikatikisa kichwa kukubali, maana ni kweli tupu. Hakugombana na mtu. Ila hakuna aliyesema amani yake mara nyengine ililipiwa na nani. Hilo nalijua mimi, na mimi sikuitwa kusema neno.

Basi nitasema hapa. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwengine. Lakini kumjua mtu hakuhitaji cheti. Nilianza kazi ya chokaa na ndoo moja na mwiko wa kuazima, na leo nina yadi ya matofali Mwanakwerekwe, malori matatu ya mchanga, na mafundi ishirini wanaoniita Bosi bila kulazimishwa. Nayasema haya mapema ili ujue kuwa anayezungumza si mtu aliyeshindwa na maisha akatafuta wa kumlaumu. Sikushindwa. Nilikosewa, ni mambo mawili tofauti.

Kazi yake iliyomlisha ilikuwa udobi. Alikuwa na chumba kimoja cha chini katika kichochoro cha Mji Mkongwe, na pasi mbili za mkaa, moja ikipoa nyengine inashika moto. Mkristo, tena katekista wa kanisa letu, na kazi yake ni kufua na kunyoosha kanzu za Waislamu. Ijumaa, nusu ya msikiti wa mtaa ule ilisali ikiwa imetiwa wanga na yeye. Sote tulimwita Katekista, hata watoto wa chuo cha Kurani waliopita mlangoni pake na juzuu zao vifuani. "Katekista, pasi yako inaungua!" Wanamtania, wanakimbia. Naye anawajibu kutoka ndani, "Naam, wanangu, ahsanteni kuniambia," na pasi haina lolote.

Alikuwa anawajua watu kwa nguo zao. Kola ikija na jasho jipya la homa, jioni unamwona Katekista anabisha hodi kwa mwenyewe na machungwa mawili mkononi. Kuna mzee mmoja wa mtaani, msusi wa vitanda vya kamba, wiki mbili hakuleta kanzu. Katekista akaniambia, "Yule hana sabuni au hana hamu, na yote mawili yanataka mtu." Akaenda. Alimkuta mzee amekaa gizani tangu mkewe alazwe, hajala, anaona haya kuomba. Katekista akafua nguo zote za nyumba ile hadi mke aliporudi, na alipoulizwa na watu alisema amezifua kwa makosa, alidhani ni za mteja mwengine. Mpaka wema wake aliuombea radhi.

Neno lake lilikuwa hilo: "Niwie radhi." Alilisema kama wengine tunavyosalimu chei-chei. Ukimkanyaga, yeye ndiye wa kukwambia niwie radhi. Nilimwona kwa macho yangu akigongwa na baiskeli ya muuza samaki, changu wakamwagika, na yeye aliyegongwa akawaokota mmoja mmoja huku akiomba radhi, mpaka muuza samaki akaanza kulia kwa aibu.

Na salamu. Katika mafundisho ya kipaimara, ambako ndiko nilikomjulia, somo lake la kwanza halikuwa Amri za Mungu. Lilikuwa kusalimu. "Anza wewe," alituambia. "Usingoje kuamkiwa. Anayengoja kuamkiwa ameshajiweka juu ya mwenzake." Yeye mwenyewe alipitiliza. Siku moja sokoni Mwanakwerekwe alimwamkia shikamoo mwanamke anayekaanga mihogo, mwanamke mwenyewe hajafika hata thelathini. Yule akasimama na upawa wake mkononi.

"Shikamoo ya nini, we mzee? Nimekuwa bibi yako mimi?"

"Nimeamkia kazi yako, Bi. Nimekuona tangu alfajiri uko motoni."

"Kaamkie masufuria basi! Wanaume wananipita hapa, we unanizeesha!"

Soko zima likacheka. Akaomba radhi, akanunua mihogo ambayo hakuitaka, akanipa mimi nile. Nilikuwa na njaa ile ya ujana, nikamaliza yote. Lakini nikwambie kitu: mpaka leo asubuhi nikiingia yadi, mimi Bosi ndiye ninayeanza kuwaamkia mafundi wangu, hata yule anayechanganya kokoto. Wafanyabiashara wenzangu wananicheka. Wacha wacheke, mafundi wao wanahama kila mwezi.

Nimejitengeneza mwenyewe, hilo silirudishi. Lakini aliyeniombea kazi ya kwanza kwa fundi mkongwe wa chokaa alikuwa yeye. Fundi yule hakutaka kijana wa Jang'ombe asiye na baba wa kumdhamini. Katekista akakaa mlangoni pake siku tatu. Siku ya nne fundi akasema, "Mlete kijana wako aingie kazini, mradi wewe uondoke mlangoni kwangu, wateja wanadhani unanidai." Hivyo ndivyo nilivyoanza kuloweka chokaa.

Naye alikuwa na yake, tusimfanye malaika. Alikuwa mshindani mbaya wa dama. Ukimla kete tatu alikuwa ananyamaza, ukimshinda anaondoka bila kuaga, yeye anayeaga hata paka. Kesho yake asubuhi yuko kwako: "Jana nilikasirika. Niwie radhi." Na wanga wake ilikuwa huwezi kuugusa kwa neno. Dobi mwengine alifungua kazi mtaa wa pili akitumia wanga wa pakti, na Katekista, mtu wa upole ule wote, alisema kanzu za yule zinasimama kama bati. Alilisema kila siku kwa mwezi mzima, kisha akaenda kumwomba radhi kwa kusema.

Jengine ni kwamba hakujua kupokea. Alhamisi Kuu padri alipomwosha miguu alitetemeka kama anakatwa. Ukimpa chai alikunywa amesimama na kukiosha kikombe kabla hujakigeukia. Mke wangu alimshonea shati, akalivaa mara moja tu, akampa mlinzi wa shamba la karafuu. Mke wangu aliumia. Mimi nilimwambia pale pale, "Katekista, unatunyima na sisi nafasi ya kuwa wema." Akacheka tu, akaomba radhi.

Lakini tabia iliyokuja kunipata mimi ilikuwa hii. Jumamosi, kabla ya watu kupokea Komunyo Jumapili, alizunguka nyumba za waumini kupatanisha. Mtu kagombana na shemeji, jirani kachukia jirani. Wengine walikubali kuomba radhi, wengine walikataa. Wale waliokataa, Katekista aliwaombea mwenyewe bila kuwaambia. Kulikuwa na akina mama wawili wa kwaya, mmoja wa Kikwajuni na mmoja wa Jang'ombe, waliogombania nani aanzishe nyimbo. Katekista akaenda kwa huyu: "Mwenzako anasema umwie radhi." Akaenda kwa yule: "Mwenzako anasema umwie radhi." Jumapili wakakumbatiana mbele ya altare, kila mmoja anajiona mshindi. Miezi ikapita ndipo wakaja kujua.

"Mimi nikuombe radhi wewe? Lini?"

"Si ulimtuma Katekista!"

"Nimtume? Si wewe uliyemtuma!"

Walikasirika, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka. Nilidhani ni kisa cha kuchekesha.

Sasa nije kwangu.

Nyumba kongwe za Mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na dari la boriti, na nyumba za namna hiyo hazitaki saruji. Ukizipaka saruji zinashindwa kupumua, ukuta unatoka jasho ndani kwa ndani na kudondoka. Zinataka chokaa iliyolowekwa shimoni miezi, na fundi mwenye subira. Mimi ndiye niliyekuwa fundi huyo. Sikuwa na kibao wala tangazo. Dari lisilodondoka ndilo lililonitangaza. Bi Rukia, mama mmoja mjane, aliniita nimtengenezee dari lake la juu, lile bapa linalotumika kuanikia. Nilitoa boriti zilizooza, nikaweka mpya, nikalipiga chokaa kwa siku kumi na saba, na sakafu ya chumba cha chini nikaipiga pia. Nilipomaliza nilimwambia Nassor, mwanawe aliyekuwa amerudi kutoka Uarabuni, mbele ya mama yake: "Hapa juu anika nguo, kaa upunge upepo. Tangi la maji usiweke. Boriti hizi zinabeba watu, hazibebi maji."

Nassor akasema, "Sawa, Fundi."

Wiki ambayo mama yake alikwenda harusini Makunduchi, Nassor akapandisha tangi, lile jeusi kubwa, akalijaza. Baada ya siku mbili akaona ufa, akaogopa, akalimwaga maji, akaliteremsha, akaliuza. Wiki iliyofuata dari likaanguka juu ya kitanda cha Bi Rukia na kumvunja nyonga.

Nimejuaje? Katekista aliniambia. Alikuwa akianika nguo juu ya dari la nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta. Aliliona tangi likipanda na aliliona likishuka. Alikuja kwangu mwenyewe siku ya ajali, anahema: "Mwanangu, si chokaa yako. Nimeona kwa macho."

Nassor akatangaza mji mzima kwamba fundi wa Jang'ombe amemuua mama yake nusu. Sheha, mkuu wa mtaa, akaita kikao nyumbani kwa Bi Rukia, kwa sababu mama mwenyewe hawezi kunyanyuka. Nilikwenda nimevaa shati jipya. Nilikuwa nimeshawaambia mafundi wenzangu wote: "Njooni. Leo mtasikia. Nna shahidi asiyejua kusema uongo." Nilimtangaza shahidi wangu kama watu wanavyotangaza harusi.

Bi Rukia alikuwa kitandani katika chumba cha chini, mguu umenyooshwa. Nassor amesimama kichwani kwake, anampepea kwa kipepeo cha ukili. Sheha akaniuliza, nikaeleza. Akamuuliza Nassor, akasema tangi hajapata kuliona. Mama akamshika mkono mwanawe, akasema, "Mwanangu huyu ameacha kazi yake Uarabuni ili abaki kuniuguza. Sina mwengine. Huyu ndiye macho yangu."

Nikasema, "Sheha, mwite Katekista."

Katekista akanyanyuka. Alimtazama Bi Rukia, alitazama ule mkono ulioshika mkono, na Nassor akaacha kupepea. Kisha yule mzee akapiga magoti chini, kwenye sakafu niliyoipiga mimi, akasema:

"Bi, tuwie radhi. Kijana wetu hakukusudia. Mimi ndiye niliyemlea, mimi ndiye niliyemwombea kazi hii. Tusamehe."

Sheha akatoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi. Basi yamekwisha."

Nikafungua mdomo. Mafundi wenzangu walikuwa wameshainamisha vichwa. Na Bi Rukia, kwa huruma kabisa, machozi yanamlenga, akaninyooshea mkono: "Nimekusamehe, Fundi. Binadamu hukosea."

Nimetukanwa katika maisha yangu. Nimeitwa mbara, nimeitwa mlevi na sinywi, nimesukumwa. Hakuna kilichoniuma kama kusamehewa kosa nisilolifanya, na mtu mwema, mbele ya watu.

Nilimkamata kichochoroni.

"Katekista, umeniuza."

"Niwie radhi, mwanangu."

"Usiniombe radhi! Uliona au hukuona?"

"Niliona. Na ningesema, yule mama angejua kuwa aliyemvunja ni huyo huyo anayemlisha uji. Amebakiwa na nani?"

"Na mimi nimebakiwa na nani?"

Akaitazama mikono yangu. "Wewe una mikono," akasema.

Ni hilo tu. Nililijenga upya dari lile kwa mikono hiyo hiyo, bila ujira, kwa sababu sheha aliamua hivyo, na lipo mpaka leo, nenda katazame. Lakini hakuna nyumba nyengine ya Mji iliyoniita. Miaka mitatu sikugusa chokaa. Ndipo nilipokwenda Mwanakwerekwe nikaanza kufyatua matofali, na yaliyobaki nimeshakwambia. Watu wanasema Katekista alinifungulia njia bila kujua. Yadi niliijenga mimi. Yeye alinitoa kwenye kazi niliyoipenda, na chokaa naipenda mpaka leo kuliko matofali.

Na nilikasirika kwa namna ambayo bado sijaimaliza. Kujinyenyekeza ni jambo zuri, alinifundisha mwenyewe. Lakini mtu hujinyenyekeza kwa shingo yake. Yeye aliinamisha ya kwangu. Kanisani nilihama ibada, nikawa naenda ya alfajiri ili nisimwone. Tukikutana njiani aliniamkia yeye kwanza, nami nilijibu na kupita. Jumamosi moja alikuja kupatanisha, kama kawaida yake, nikamuuliza mlangoni, "Leo umekuja kunipatanisha na nani?" Akaondoka. Miaka kumi na nne tuliishi hivyo.

Mwaka jana Bi Rukia alifariki. Ilipopita arobaini yake, Katekista akaniletea salamu kupitia kwa mke wangu: nakuomba uje. Nilimkuta katika chumba chake Jang'ombe, udobi ameshaacha, vidole vimejikunja kama bado vimeshika mpini wa pasi. Nilikaa bila kuvua kofia.

"Sasa nnaweza kusema," akaniambia. "Mama hayupo wa kuumia. Nipeleke nikaseme."

"Ukamwambie nani? Sheha alishakufa. Mafundi waliokuwapo wametawanyika."

"Nassor yupo."

"Nassor anajua!"

"Anajua alilolifanya. Hajui kwamba mimi nnalijua. Nnataka ajue, ili akuombe mwenyewe."

Nilitaka kuondoka. Lakini nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka kumi na nne, mtu haachi kitu kama hicho kwa sababu kimechelewa. Nikamtia garini. Nje ya Mji nikaegesha, tukaingia vichochoroni kwa miguu, amenishika mkono, hana uzito zaidi ya kanzu.

Nassor alifungua mwenyewe. Ndevu zimeshakuwa nyeupe. Akatukaribisha chumba kile kile cha chini, tukampa pole ya mama yake, akatumiminia kahawa. Katekista hakuigusa.

"Nassor, nimekuja kwa jambo la lile tangi."

Nassor akaweka birika chini taratibu.

"Nnajua kama ulijua," akasema. "Nilikuona, mzee. Ulikuwa juu ya dari la jirani na shuka mkononi. Siku ile ya kikao nilisimama nangoja uniumbue. Ulipopiga magoti nikasema, hawa wameshakubaliana, wamenisitiri." Akanigeukia. "Fundi, miaka yote nnakuombea dua. Nnasema moyoni, yule Mkristo wa Jang'ombe amekubali kubeba aibu yangu kwa ajili ya mama'angu. Ni watu wangapi wanaweza? Sikuwa na uso wa kuja kukwambia."

Sikutegemea hilo. Mtu anayependa sifa kama mimi, naletewa sifa kubwa kuliko zote nilizopata kupewa, nizipokee tu. Nikamtazama Katekista, nikaona anavyonisihi kwa macho. Alitaka nizipokee. Sote watatu tungetoka pale tuna amani.

"Sikukubali," nikasema. "Sikuulizwa, Nassor. Na ningeulizwa ningekataa, na ningesema mbele ya mama'ako."

Katekista akaanza kuteremka kwenye kiti, goti moja linatafuta sakafu. Nikamdaka kwapani, nikamrudisha.

"Usipige magoti. Nshachoka na magoti yako. Kaa useme."

Akakaa. Halafu akamwambia Nassor, si mimi, "Sikumuuliza. Nilijua atakataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Radhi ile haikuwa yangu mimi kuitoa."

Nassor alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja. "Sasa nifanye nini? Nimwambie nani? Mama ameshakwenda."

"Niambie mimi," nikasema.

Akaacha kusugua, akaniangalia. "Fundi, dari nililiangusha mimi."

"Sema tena."

Katekista akanyanyuka. Akajikokota mpaka dirishani, dirisha linaloangalia kichochoroni ambako watu walikuwa wanapita, akashika ubao ili aufunge. Hata siku ile alikuwa bado anasitiri watu.

"Liache wazi," nikamwambia.

Mkono wake ulikaa juu ya ubao. Kisha akauteremsha, na Nassor akarudia, kwa sauti iliyofika nje.